Pima Kwanza, Ndipo Upige Windows

Kompyuta ikianza kuchelewa kuwaka, katika ofisi, shule na maduka yetu hutolewa mojawapo ya hukumu mbili: ipelekwe kwa fundi ikapigwe Windows upya, au itafutwe nyingine. Zote mbili hutolewa kabla mtu yeyote hajauliza swali la msingi: inachelewea wapi? Kuchelewa kuwaka ni dalili, na dalili moja inaweza kuwa na vyanzo vingi. Fundi anayefuta diski bila kupima, na mkuu wa ofisi anayeidhinisha ununuzi bila kuona majibu ya vipimo, wote wawili wanatumia mali ya watu kwa kubahatisha. Tabia hii inatugharimu fedha, kumbukumbu zetu na mashine ambazo bado zina miaka ya kazi mbele yake, na wakati wa kuiacha umefika.

Tangu kitufe kibonyezwe hadi mtumiaji aanze kazi, kompyuta hupitia hatua tatu. Kwanza hujikagua yenyewe, ikitazama RAM, kibodi na diski, kisha inautafuta mfumo endeshi. Pili, mfumo huo unapakiwa pamoja na programu ndogo zinazoendesha vifaa. Tatu, baada ya nywila kuingizwa, zinafunguka programu zilizojipanga kujifungua zenyewe. Kila hatua ina maradhi yake. Mashine ikiganda wakati nembo ya mtengenezaji iko kwenye kioo, Windows huenda haijaguswa bado. Pengine kuna flashi iliyosahauliwa kwenye tundu lake, au mipangilio inaiamuru itafute mfumo kwenye mtandao kabla ya diski. Ikikwama baada ya nywila, mashaka yanahamia kwenye programu. Kuzitenganisha hatua hizi kunahitaji saa yenye mshale wa sekunde tu, na Windows yenyewe huweka kumbukumbu. Ukibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, inafunguka Task Manager, na ukurasa wake wa programu zinazojifungua, katika kompyuta nyingi za miaka ya karibuni, huonyesha sekunde zilizotumika kabla Windows haijaanza. Ndani ya Event Viewer, tukio namba 100 huandika muda wa kuwaka kwa milisekunde. Ushahidi umo ndani ya mashine, ila haufunguliwi.

Chanzo kinachopuuzwa zaidi ni diski ya kizamani inayozunguka, ambayo bado imo katika kompyuta nyingi za mtumba zinazouzwa Kariakoo jijini Dar es Salaam na Luthuli Avenue jijini Nairobi. Diski ya laptopu ya aina hiyo kwa kawaida huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mzunguko mmoja huchukua takriban milisekunde 11. Kila faili linapohitajika, mkono wa kusomea lazima usogee hadi mahali pake, kisha usubiri sahani izunguke. Kwa hiyo diski hiyo huweza kutimiza maombi ya namna hiyo mia moja hivi kwa sekunde, au pungufu, ilhali wakati wa kuwaka Windows huomba maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika. SSD, diski ya kisasa, haina kitu kinachozunguka. Hufikia data kwa muda ulio chini ya milisekunde moja. Ndiyo maana mashine ileile, ikiwa na RAM ileile na kichakato kilekile, ikibadilishiwa diski tu hugeuka kuwa nyingine. Na diski inayozunguka ikianza kuharibika, hurudia kusoma eneo bovu mara nyingi kabla ya kukata tamaa. Task Manager itaonyesha diski imefika asilimia 100 huku data inayopita ni kidogo mno, na muda wa kujibu ukipanda hadi mamia ya milisekunde. Mwenye mashine ya namna hiyo anahitaji kunakili mafaili yake leo, kabla ya jambo lingine lolote.

Chanzo cha pili ni msongamano wa programu zinazojifungua. Programu za kupigiana simu za video, za kuhifadhi mafaili mtandaoni, za printa, na wakati mwingine antivairasi mbili zinazokagua faili lilelile, zote hudai nafasi dakika ileile. Ukurasa uleule wa Task Manager huziorodhesha na kuonyesha athari ya kila moja, kubwa, ya kati au ndogo, na kuizuia moja ni kubofya mara mbili tatu bila kufuta chochote. Tena, tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kuzima kompyuta kwa kawaida hakuzimi kila kitu: sehemu ya mfumo huhifadhiwa kwenye diski ili iwake haraka baadaye. Kompyuta ambayo haijaanzishwa upya kwa muda mrefu huweza kubeba kasoro ileile siku baada ya siku, kwa hiyo anayepima na apime mara mbili, baada ya kuzima na baada ya kuanzisha upya.

Mafundi watajibu kwamba kupiga Windows kunafanya kazi, na kuna ukweli ndani yake. Mashine iliyosafishwa huwaka haraka zaidi kwa sababu programu zilizojazana zimeondolewa zote. Lakini hilo lingepatikana kwa dakika chache bila kufuta picha za familia, madaftari ya mauzo na leseni za programu. Na kama tatizo ni diski, Windows mpya imewekwa juu ya ugonjwa uleule. Mteja atarudi, na safari hiyo pengine data haitaokoka. Jibu la pili ni kwamba fundi ana foleni na hana muda wa kuchunguza. Hesabu inampinga: kusoma kurasa mbili za vipimo ni kazi ya dakika, ilhali kupiga Windows, kutafuta programu za vifaa na kurudisha mafaili ni kazi ya saa.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba mashine nyingi zimezeeka kweli. Windows 10 ilikoma kupata masasisho ya kawaida ya usalama bila malipo tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai kijenzi cha usalama cha TPM 2.0 pamoja na vichakato ambavyo, kwa upande wa Intel, kwa sehemu kubwa huanzia kizazi cha nane. Hoja hiyo ni ya haki, lakini ni hoja ya usalama, na ijadiliwe kama usalama. Ofisi yenye siri za wananchi ina sababu ya kununua. Darasa linalofundisha kuandika barua linaweza kuweka mfumo endeshi wa Linux kwenye mashine ileile na kuendelea kupata masasisho. Kinachopaswa kukataliwa ni kununua kwa sababu ya mwendo wa konokono ambao chanzo chake hakikutafutwa, hasa kwa vile laptopu mpya ya bei ya chini yenye RAM ya GB 4 inaweza kusumbua mapema kuliko ya zamani iliyowekewa SSD. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2024 ilikadiria kwamba dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na ni asilimia 22.3 tu iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa kwa njia rasmi. Kila mashine inayotupwa bila kupimwa inaongeza mzigo huo.

Tumeshapita njia hii katika afya. Kwa miaka mingi kila homa ilihesabiwa malaria na mgonjwa akapewa dawa, hadi mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipotaka kila anayeshukiwa apimwe kabla ya kutibiwa. Leo mzazi anayempeleka mtoto zahanati anatarajia kipimo, na ana haki ya kukidai. Mwenye kompyuta naye adai haki hiyo. Risiti ya fundi iandike mambo matatu: mashine ilichukua sekunde ngapi kuwaka ilipoletwa, chanzo kilichopatikana, na inachukua sekunde ngapi inapoondoka. Halmashauri, shule na mashirika yasiidhinishe kompyuta mpya kwa sababu ya uzito wa ile ya zamani mpaka hali ya diski yake iambatishwe kwenye maombi. Vyuo vya ufundi vifundishe kupima kabla ya kufundisha kufuta. Hakuna agizo hapa linalohitaji bajeti mpya. Kinachohitajika ni mteja anayeuliza kipimo kimesema nini, na fundi asiyegusa diski kabla hajawa na jibu.