Wamejaa Wapi Hao Wanasheria?

Mwaka 2022 Shule ya Sheria Tanzania ilitoa matokeo yaliyoitikisa nchi: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja ni 26. Vijiwe vikapata la kusema. Wanasheria wamejaa, shahada ya sheria siku hizi inagawiwa kama karanga, milango ibanwe! Waziri wa Katiba na Sheria aliunda kamati ya uchunguzi chini ya Harrison Mwakyembe, lakini hukumu ya mtaani ilikuwa imeshatoka. (Wale 342 walioruhusiwa kurudia mitihani hawakutajwa sana, hawanogeshi mazungumzo.)

Wamejaa wapi?

Msemaji wa maneno hayo apande basi hadi Tunduma, zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam. Malori ya Zambia na Kongo yamepanga foleni, mawakala wa forodha wanakimbizana na makaratasi, shilingi na kwacha zinabadilishwa mikononi, na mikataba mingi ni ya mdomo tu. Dereva aliyenyimwa posho na tajiri wake, mama aliyezuiliwa mchele mpakani, ndugu wanaogombea shamba la kahawa la marehemu kule Mbozi: wote hao wana kesi. Kwa miaka mingi aliyekata rufaa hadi Mahakama Kuu alifunga safari ya Mbeya kwa nauli yake mwenyewe. Pengo la mawakili huko ndilo linalowalisha mawakili vishoka, mabingwa wa kudai pesa kwanza na kutafuta kifungu cha sheria baadaye.

Hesabu nayo haiwasaidii wenye kelele. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Hata nchi ingekuwa na mawakili 15,000 walio kazini, kila mmoja angebeba watu zaidi ya 4,000, na wengi wa mawakili hao wamejazana Dar es Salaam.

Mlango wa kwanza ulikuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam: kilipoanza mwaka 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wasiozidi 14. Mmoja wa wanafunzi wake wa mwanzo, Julie Manning, alikuwa Waziri wa Sheria mwaka 1975. Kabla ya chuo hicho Mtanganyika aliyetaka kusoma sheria ilimbidi avuke bahari. Mlango huo leo unasifiwa na kila mtu. Ule uliofunguliwa na sheria ya mwaka 1992 iliyoanzisha Chuo Kikuu Huria, ambapo polisi au karani wa mahakama anasoma sheria bila kuacha kazi, ndio unaobezwa. Wabezaji wenyewe walishaingia zamani.

Vipo vyuo vilivyofungua kozi za sheria kabla ya kupata walimu na vitabu vya kutosha, na vinastahili kubanwa. Lakini kinachobanwa kiwe chuo, si kijana wa Tunduma anayetaka kusoma sheria.

Bunge lenyewe lilishasema kuwa mawakili hawatoshi, japo kwa lugha ya kistaarabu. Mwaka 2017 lilipitisha Sheria ya Msaada wa Kisheria, ikawatambua rasmi wasaidizi wa kisheria ambao si mawakili. Kama mawakili wamejaa, hao walitambuliwa wakafanye nini?