Mwenzako akinyolewa: barua za gerezani na mzigo wa mtu

Wafanyabiashara wetu wanaifahamu vizuri Barabara ya Zhanqian hapa Guangzhou. Jina lake lina maana ya barabara ya mbele ya stesheni, na watu huifuata kwa nguo za jumla. Mtu akisikika tu kwamba anarudi Dar, Mombasa au Kampala, ombi halikosi: "Dada, umebakiwa na kilo ngapi? Nibebee hiki kidogo." Ni desturi yetu ya kusaidiana, na wengi imetufaa. Lakini wauza unga nao wanaijua, na huitumia kwa safari za kuja huku na za kurudi.

Sheria yenyewe inatisha. China Bara, kifungu cha 347 cha Sheria ya Jinai kinasema anayesafirisha gramu 50 au zaidi za heroini anaweza kufungwa miaka 15, kufungwa maisha au kuuawa. Hong Kong hakuna adhabu ya kifo, lakini kifungo kinaweza kufika maisha. Haya yote huandikwa kwenye mabango. Shida ni kwamba kijana aliyeambiwa "ni nguo tu" hajioni kwenye bango hilo. Bango linamzungumzia mhalifu, naye anajijua ni mtu wa kusaidia ndugu.

Ndiyo maana barua za Hong Kong zina funzo. Mwaka 2013, padri John Wotherspoon, Mwaustralia aliyekuwa akihudumia wafungwa huko, aliwashawishi wafungwa waandike barua za kuwaonya watu wa kwao. Watanzania walikuwa miongoni mwa waandishi wa mwanzo. Barua zao ziliwekwa kwenye intaneti, zikasomwa hadi Tanzania. Aliyezisoma hakusikia sauti ya serikali. Alimsikia mtu wa mtaani kwake.

Ushuhuda wa aina hii una nguvu pale unapoeleza njia, si machozi peke yake. Ukimwonyesha kijana picha ya pingu, atajiambia, "Mimi sitakuwa mjinga kiasi hicho." Lakini mueleze mambo yalivyokwenda: nani alijileta kuwa rafiki, nani alilipa tiketi, kwa nini begi lililetwa limeshafungwa, kwa nini aliambiwa asimwambie mama. Siku akiletewa tiketi ya namna hiyo, ataitambua. Hapo ndipo methali ya mwenzako akinyolewa, wewe tia maji, inapofanya kazi.

Hata hivyo, mwenye simulizi naye ni mtu. Aliyetoka gerezani ana watoto wanaokwenda shule na mama anayekwenda msikitini au kanisani. Jumuiya zetu zikimwalika azungumze, kwanza aulizwe kama anataka, na sehemu gani hataki kuigusa. Jina na sura yake visirushwe kwenye makundi ya simu bila ridhaa yake. Akisema leo hawezi, basi. Tusimwite kila mwaka aje kulia mbele yetu, kisha tusimpe hata kazi. Tukimfanya hivyo, wengine walionusurika watanyamaza, na ukimya wao ni faida kwa aliyewatuma.

Kwa wazazi, nawaomba mzungumze na vijana kabla hawajapanda ndege, na muwape masimulizi, si vitisho tu. Waambieni wazi kwamba wakisema "hapana" kwa mjomba au kwa rafiki wa familia, nyumbani hakuna atakayewaona wana kiburi. Wengi hukubali mzigo kwa kuona haya.

Kwa wanafunzi, begi lako lifunge mwenyewe, na kila unachobeba ukifungue ukione. Lakini kuona hakutoshi, kwani unga hufichwa hata ndani ya kuta za begi na visigino vya viatu. Kama humjui vizuri mwenye mzigo, au mzigo una haraka isiyoeleweka, uache. Kuna kampuni za kusafirisha mizigo, na kilo zake zinalipiwa. Mtu mwema atanuna siku mbili, kisha atatafuta njia nyingine. Atakayekubembeleza, akakuongezea pesa na kukutaka usimwambie mtu, huyo ameshajieleza mwenyewe.