Dawa Isiyo na Jina: Kiowevu cha Urea na Moshi wa Malori Yetu

Waama, lori litokalo Mombasa kuelekea Malaba huacha alama mbili: ya magurudumu juu ya lami na ya moshi katika mapafu ya waja. Ya kwanza ina mizani yake pale Mariakani na Mlolongo. Ya pili hupimwa na kifua cha mchuuzi wa mahindi ashindaye kando ya barabara kutwa.

Mjomba wangu ni dereva wa trela. Siku moja utingo wake, kijana mwenye bidii ya mchwa, alipewa mtungi wa kiowevu fulani akaongeze garini. Maandishi ya mtungi yalikuwa ya Kiingereza na Kijerumani. Kijana akaumimina wote katika tangi la dizeli. Trela lililala njiani siku tatu. Tangi likakaushwa, pampu ikang'olewa. Mjomba aliporejea nyumbani alinikabili: "Mpwa wangu, nyinyi mnaosomea Kiswahili huko chuoni, hebu niambie: kitu hiki chaitwaje?" Nilibaki kinywa wazi. Makala haya ni jibu langu lililochelewa.

Kwanza tukifahamu kitu chenyewe. Ni mchanganyiko wa urea, asilimia 32.5, na maji yaliyoondolewa madini, asilimia 67.5. Hakichanganywi na dizeli kamwe. Kina tangi lake, aghalabu lenye kifuniko cha buluu. Injini ikiunguza dizeli kwa joto kali, nitrojeni na oksijeni za hewani huungana na kuzaa oksidi za nitrojeni, gesi ziwashazo mapafu na kuchangia mvua ya asidi. Kiowevu hiki hunyunyizwa ndani ya ekzosi, nalo joto la moshi huigeuza urea kuwa amonia. Amonia ikikutana na oksidi hizo juu ya kichocheo, hutokea nitrojeni, ambayo tayari ni zaidi ya robo tatu ya hewa tuivutayo, pamoja na mvuke wa maji. Mtambo ukiwa timamu hupunguza oksidi hizo hata kwa asilimia 90. Gharama yake? Takriban lita 3 hadi 6 kwa kila lita 100 za dizeli.

Si jambo la mzaha. Mnamo mwaka 2012, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyothibitika kuleta saratani kwa binadamu. Hata hivyo, tusiisifu dawa kupita kiasi. Kiowevu hiki hakipunguzi hewa ya ukaa, wala hakiondoi masizi. Masizi yana chujio lake. Lori kuukuu lisilo na mtambo huo halifaidiki hata likibebeshwa mitungi mia. Isitoshe, salfa nyingi katika dizeli huharibu vichocheo, ndiyo maana hatua ya Kenya na majirani zake ya kuingia katika dizeli ya salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni mnamo mwaka 2015 ilikuwa ya maana kubwa.

Wapo pia wenye magari wanaokwepa gharama hii. Huko Ulaya, baadhi yao walifunga vifaa vya kuihadaa kompyuta ya gari iamini kwamba kiowevu kinatumika ilhali tangi ni kavu. Mwaka 2017 wakaguzi wa Uingereza walianza kuvisaka vifaa hivyo barabarani. Wahenga walinena: mficha maradhi kilio humfichua. Hapa, kilio chenyewe hakitoki kwa mwenye lori. Hutoka kwa mtoto wa jirani mwenye pumu.

Sasa nirudi kwa swali la mjomba. Kuna watakaodai kwamba haya ni ya wahandisi, na kwamba sisi tubaki na ngeli na arudhi zetu. Nakataa katakata. Jina baya linaweza kuua injini. Tukikiita "dawa ya dizeli", utingo atakitia katika dizeli. Tukikiita "maji ya urea", yuko atakayekiongeza maji ya mfereji, na madini ya maji hayo yakiharibu kichocheo. Tukikiita "kisafisha moshi", tutakuwa tumeahidi kuondoa masizi kisiyoyaondoa. Tukitaja urea peke yake, mkulima wa Kitale atadhani mbolea ya ghalani yaweza kukorogwa ikafaa, ilhali haina usafi unaohitajika. Napendekeza "kiowevu cha urea cha ekzosi". Ni jina refu, nakiri, lakini linataja hali ya kitu, kiini chake na mahali kinapofanyia kazi. Mwenye jina bora na alilete. Mjadala ndio uhai wa istilahi.

Wahadhiri wetu na wanachama wenzangu, Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pia. Urasmi huo ukiishia katika hotuba za sikukuu, tutakuwa tumepewa jembe tukalitundika ukutani. Chama chetu kinaweza kuanza na jambo dogo: kuandika maelezo ya mistari mitano kwa Kiswahili sanifu, yabandikwe kwenye mitungi na katika gereji. Kitiwe katika tangi lipi. Kisichanganywe na nini. Kiwekwe kivulini, kwani joto linalozidi nyuzi 30 hukifupishia maisha. Mistari mitano tu.

Yule utingo hakukosa akili wala bidii. Alikosa sentensi moja katika lugha anayoielewa. Kuiandika sentensi hiyo ni kazi yetu, si ya mhandisi.