Daftari la wiki: Mlangoni pa shimo

Jumatatu. Binti wa marehemu dada yangu anaishi Brussels. Leo amenitumia video ya dakika mbili: anateremka kwa ngazi za umeme kituo cha Porte de Namur, treni inaingia, anapanda, basi. "Mjomba, umeona?" Nikamjibu kwamba sijaona kitu. Treni ni treni. Nionyeshe mlangoni, unapotokea, unakutana na nini.

Alicheka, lakini jioni akarekodi njia ya kutokea, na hapo ndipo nikakaa vizuri kwenye kiti. Ukitoka pale chini, hatua chache tu uko Matonge, mtaa uliochukua jina la mtaa wa Kinshasa: saluni za nywele, ndizi, sombe, vitambaa, watu wamesimama wakibishana kama vile hakuna baridi. Na hapohapo kwenye mlango wa kituo kuna kiwanja kidogo chenye kibao: Patrice Lumumba. Kilizinduliwa 30 Juni 2018. Kiwanja chenyewe si kitu, ukiwa na haraka unakipita bila kukiona. Mimi nilisimamisha picha, nikaitazama mpaka chai ikapoa.

Sisi wa Ruashi, huku Kongo, tunasikia ndege zinaposhuka uwanja wa Luano. Huko ndiko ilikoshuka ile ya 17 Januari 1961, Lumumba akiwa ndani pamoja na wenzake Mpolo na Okito, na usiku uleule wote watatu wakauawa. Ikachukua miaka hamsini na saba jina lile kufika mlangoni pa treni ya Wabelgiji.

Jumanne. Binti ameshika kasi. Leo ni Stockel, mwisho wa njia, ambako ukuta mzima tangu 1988 umejaa watu wa katuni za Hergé, zaidi ya 140, Tintin akiwa mbele. Anasema watoto wanaupenda. Sina ugomvi na watoto. Ila Hergé alimpeleka Tintin Kongo mwaka 1930 na yeye mwenyewe hakuwahi kukanyaga huku.

Jumatano. Mvua. Kituo chetu cha taksibasi hakina ukuta wa kuchora chochote. Kina mwembe mmoja, mwavuli wa mama wa mandazi, mtaro usiopitisha maji, na vijana wanaoita abiria. Hata hivyo kina mpango wake, nimeuchunguza kwa miaka. Wanaokwenda mjini husimama upande wa mwembe kwa sababu ya kivuli cha asubuhi. Wenye magunia ya makaa husimama nyuma, maana dereva huwachukua mwisho. Wanafunzi husimama mbali kidogo, tayari kukimbia. Mvua ikinyesha mpango wote unavunjika, tunajibana chini ya baraza la duka la dawa, na mwenye duka anatuvumilia. Hicho ndicho ninachowaonea wivu wa Brussels: si ngazi za umeme, ni paa.

Ruashi ilijengwa miaka ya hamsini na shirika la kikoloni la kujengea Waafrika nyumba, lililoanzishwa 1952, na ikawekwa mbali na mji. Umbali huo haukuwa bahati mbaya. Élisabethville, jina la mji wetu enzi hizo, ulikuwa mji wa kutenganisha: Wazungu huku, weusi kule, katikati ukanda wazi. Wakoloni wameondoka na kilomita zimebaki, na kila asubuhi tunazilipia nauli.

Alhamisi. Nimempelekea video mzee jirani, aliyefanya kazi chini ya ardhi kwenye mgodi wa Kipushi mpaka alipostaafu. Nilidhani atashangaa. Akatazama mara mbili, akauliza: "Maji yao wanayatoa wapi?"

Sikuwa na jibu. Akanitazama kama mwanafunzi aliyesahau daftari. Kwake, mtu akikuonyesha shimo zuri, lenye taa na vigae, swali la kwanza ni pampu. Na ana haki. Kipushi, kama kilomita 30 kutoka mjini, wamechimba tangu 1924, na kisima cha tano kinashuka karibu mita 1,240. Kazi ilisimama 1993, lakini pampu ziliendelea kuzunguka, kwa sababu mgodi usiochimbwa nao hunywa maji. Mwaka 2011 pampu zikashindwa, shimo likafurika, na kuyatoa maji hayo ilikuwa kazi ya miaka. Uzalishaji ulirudi 2024 tu.

Nikamwambia kwamba hata Johannesburg, kwenye Gautrain, treni za kwanza zilianza 2010, lakini kipande cha chini ya ardhi cha kutoka Rosebank hadi kituo cha Park kilisubiri hadi Juni 2012. Handaki lilikuwa linavuja. Wafanyabiashara wetu wanaoshukia Park kwa basi, na mizigo yao mabegani, hawajui kwamba chini ya miguu yao kulikuwa na kesi ya maji. Mzee alifurahi sana. "Unaona!"

Kisha akataka video irudishwe nyuma. Kabla taa za treni hazijaonekana, kitambaa cha kichwa cha binti kinapepea. Mimi sikukiona. Yeye akaniwekea kidole: treni ikiwa ndani ya bomba husukuma hewa iliyo mbele yake, kwa hiyo upepo hufika kwanza. Kizimba cha Kipushi kilifanya vilevile kikishuka. "Ukiusikia usoni, unarudi hatua moja nyuma."

Ijumaa. Reli ilifika mji huu 1910, ikitokea kusini, na mwaka uliofuata wakayeyusha shaba ya kwanza, mawe yakitoka Étoile, yaani Kalukuluku, hapa kwetu Ruashi. Shimo letu liko wazi, mbingu inaonekana. Mawe yalipata treni mapema sana.

Jumamosi. Binti amegeuza mambo: "Mjomba, sasa wewe nionyeshe mlango wako." Saa kumi na moja nimekwenda na simu, nikiwa na haya kama mgeni. Nimerekodi mwembe, mtaro, taksibasi inayosukumwa ili iwake, vijana wakiita mji kwa sauti moja, na vumbi lote la jioni. Mtoto mmoja amesimama mbele ya kamera mpaka mwisho, sikumfukuza. Dakika mbili kamili.

Jibu limekuja usiku, baada ya umeme kurudi. Hakuuliza juu ya basi wala barabara. "Mama wa mandazi yuko wapi?"

Nimemwandikia kwamba amehamia ng'ambo ya barabara, penye mwinuko. Pale pa zamani maji yalikuwa yanaingia kwenye jiko.