MJENGO WA STAA TUKUYU: TAILIZI ZINANG'AA, KARO LINALIA

Kuna kijana wa Bongo Fleva, jina kapuni, aliyemjengea mama yake mjengo wa maana kule Tukuyu. Geti la umeme, gipsamu, tailizi hadi barazani, vyoo vitatu vya kukaa. Picha zilipotupiwa mtandaoni, pongezi zikamiminika. "Huyu ndiye mtoto," watu wakaandika.

Miaka minne baadaye, katikati ya masika, mama akapiga simu: "Mwanangu, choo kimegoma. Maji yanarudi juu." Kijana akatuma hela fasta. Fundi akaja, akaangalia, akatoa ushauri wa mtaani: "Mama, mvua ikikolea usiku tunalitapisha tu. Maji yatabeba kila kitu."

Yakabeba kweli. Asubuhi jirani wa bondeni, anayechota maji kwenye chemchemi chini ya migomba, akapanda mlima na ndoo tupu mkononi. Akaamkia kwa heshima, kisha akasema: "Mama Staa, maji ya leo yana harufu ya kwenu."

Mama wa watu hakuwa na jibu. Na hapa ndipo wadau walipogawanyika. Wapo wanaosema kijana aachwe, kamtoa mama kwenye nyumba ya zamani, lawama za nini? Hoja hiyo ina nusu ya ukweli. Kujenga ni jambo kubwa. Lakini nyumba yenye choo kinachomwagika kwa jirani haijakamilika, hata kama sebule inang'aa kama hoteli.

Tatizo ni kwamba wengi hudhani karo, yaani septiki, ni shimo la kutupia na kusahau. Siyo. Uchafu ukiingia, mzito huzama na kuwa tope, mafuta na povu huelea juu, na maji ya katikati hutoka kwa bomba kwenda shimo la pili ambalo ardhi huyanyonya. Vijidudu visivyohitaji hewa hula sehemu ya tope hilo, lakini hawalimalizi. Kila mwaka linapanda kidogo. Likifika kama theluthi moja ya kina cha karo, ni muda wa kuita gari la kunyonya. Kwa nyumba nyingi ni kila baada ya miaka 3 hadi 5. Ukipuuza, tope linahamia shimo la pili, linaziba matundu ya udongo, na hapo hata ukinyonya karo, maji hayana pa kwenda.

Sasa weka Rungwe kwenye hesabu hiyo. Huku mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Mei. Udongo wa volkano hunyonya vizuri, lakini ukishashiba maji nao hukataa. Mji wenyewe umekaa kwenye miteremko: wa juu akikosea, wa chini anakunywa. Kipindupindu na homa ya matumbo haviulizi nani ana laiki nyingi.

Pale kwa mama staa makosa yalikuwa wazi. Mfuniko wa karo ulifunikwa na pevingi ili uwanja upendeze, hivyo hakuna aliyeweza kukagua. Maji ya bati yalielekezwa humo humo, kila mvua ikawa inakoroga tope. Pampasi na pedi za wageni zilipita chooni. Kila wiki dawa kali za kung'arisha masinki zilimwagwa kwa wingi, zikaua vijidudu vinavyofanya kazi. Pesa ya geti ilipatikana. Ya kunyonya karo haikuwahi kupangwa.

Na lile wazo la kumlipa kijana wa mtaani aingie kuchota kwa ndoo? Hapana. Hewa ya humo inaangusha mtu kwa dakika chache, na anayeruka kumwokoa hufia humo humo.

Wizara ya Afya iliwahi kuendesha kampeni iliyoitwa Nyumba ni Choo. Jina hilo linatosha. Staa anayejenga kwao aulize mambo manne kabla ya rangi ya ukuta: mfuniko uko wapi, gari litafikaje, chemchemi ya jirani iko umbali gani, na nani atalipia kunyonya baada ya miaka mitatu. Mama mwenye umri wake hapaswi kuachiwa fumbo hilo peke yake.

Habari za sasa ni kwamba pevingi imevunjwa na karo limenyonywa. Kijana kaposti uwanja mpya, hakugusia kilichotokea. Jirani wa bondeni bado anafuata maji mbali, kwenye chemchemi nyingine, na akipita getini anasalimia kama kawaida. Pongezi alipewa mwenye mjengo. Samahani kwa jirani bado haijapostiwa.

Mdau, karo la kwenu lilinyonywa lini mara ya mwisho? Funguka.