Chumvi Kabla ya Mashine
Seva ikizimika mara kwa mara huko Ushongo, kusini mwa Pangani, lawama huangukia mashine, au gridi. Mimi ningeanza na chumvi. Upepo wa bahari huila shaba ya maungio ndani ya soketi, na ukinzani huongezeka. Fundi akipima soketi tupu, voltimita husoma 230, naye hudanganyika! Sharti apime seva ikiwa kazini. Ungio lenye ukinzani wa omu 5, likipitisha ampea 4, hupoteza volti 20 na kutoa joto la wati 80; hatimaye huungua, umeme ukakatika. Kanuni hiyo ya Ohm wanafunzi wetu wanaikariri. Mwalimu na aitoe voltimita kabatini, wapime pamoja na fundi.