Ati Ugonjwa wa Wazungu

Krismasi iliyopita, nyumbani Kitengela, mdogo wangu alikataa chapati. Shangazi akauliza kwa nini, tukamweleza, akacheka: “Gluteni? Si huo ni ugonjwa wa wazungu?” Sebule nzima ikaangua kicheko. Mdogo wangu naye akacheka, kisha akala kipande kimoja ili yaishe. Siku tatu hakuweza kutoka kitandani.

Kicheko kile bado kinanichoma, kwa hivyo nivumilieni.

Siliaki si mtindo wa maisha. Mtu akila gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na ile nafaka ya Ulaya iitwayo rai, kinga ya mwili wake inaugeukia utumbo wake mwenyewe. Tiba ni kuacha kuila maisha yote. Na kama bado unaona ni mambo ya wazungu, waangalie Wasahrawi wa Sahara Magharibi, Waafrika kama sisi: watoto wao walipopimwa miaka ya 1990, kiwango kilikuwa miongoni mwa vya juu zaidi vilivyowahi kupatikana duniani.

Mdogo wangu alitibiwa amiba, taifodi, vidonda vya tumbo, halafu amiba tena, kabla daktari mmoja hajafikiria kumpima. Pesa ya vipimo ilitoka kwenye karo yangu. Mwaka wa pili chuoni ukawa wa mwisho. Sitaki pole. Nataka tu watu wa sebule ile wajue nini walikuwa wanacheka.

Sasa kuna wale wa upande wa pili. Hao wanaamini ugonjwa upo, tena wanaamini sana, kwa sababu wanauza. Ingia supamaketi kubwa uone ile rafu ya vyakula visivyo na gluteni, bei za kukutoa macho. Nimeona lebo hiyo hata kwenye mchele! Mchele uliwahi kuwa na gluteni lini? Au mahindi, mtama, wimbi, muhogo, nduma? Wamaasai wa Kajiado hii waliishi kwa maziwa na nyama vizazi na vizazi bila kulipia lebo. Sawa, kwenye unga nakubali lebo ina kazi, maana poshomili ikisaga ngano asubuhi na mahindi mchana, mdogo wangu ataumwa na ugali. Kwenye mchele mzima, mimi naona bei tu.

Ndiyo maana jioni napika mwenyewe, na napika kofta na tambi. Msiniambie ni maringo. Neno kofta lina asili ya Kiajemi, chakula chenyewe kikapita India, na Wakenya wenye asili ya Asia walitambuliwa kama kabila la 44 mwaka 2017. Hata chapati ya shangazi ilikuja kwa mlango huo huo.

Nusu kilo ya nyama, mwenye buchari aisage mbele yako, asikuchanganyie kitu. Tangawizi, kitunguu saumu, dania, yai moja. Wengi huweka mkate ili nyama ishikane. Mimi naweka konzi ya wali uliolala, nimeuponda. Finyanga madonge madogo kama ndimu, kaanga taratibu mpaka ndani kusiwe na wekundu. Tambi ziwe za mchele, maana zile za pakiti za mabachela ni ngano. Maduka ya vyakula vya Kichina Nairobi yanaziuza bila mbwembwe. Geuza pakiti usome viungo. Loweka kwenye maji ya moto mpaka zilegee, zisiwe uji.

Mtego uko kwenye sosi ya soya. Ile ya kawaida hutengenezwa kwa soya na ngano, na hakuna anayekwambia. Mara ya kwanza niliimimina bila kufikiria, mdogo wangu akaumwa kwa mkono wangu mimi, si wa shangazi. Siku hizi natumia ukwaju, asali kidogo, chumvi, pilipili. Dakika arobaini, na gesi haijalia.

Juzi alikula sahani mbili, akalamba kijiko, akauliza kama imebaki ya kesho.

Shangazi, Krismasi hii tutakuja na sufuria yetu. Usiingize mwiko wa chapati humo.